Msoma Mita

Kazi yangu ni kusoma mita za maji,
Mkomani hadi Langoni, mlango kwa mlango.
Napiga hodi, nainama, nafuta vumbi kwenye kioo,
naandika. Miaka kumi na mmoja
sijamwandikia mtu maji asiyoyatumia.
Na jambo moja nalijua hata gizani:
mifereji yote ikifungwa
na kigurudumu kingali kinazunguka,
mahali fulani, chini, bomba limepasuka.

Usiku wa kuzaliwa Thureya nilikiona kile kigurudumu.
Mtoto amekwisha kulia, mkunga amekwisha kucheka,
shuka ya tatu ikaloa.
Boti hadi Mokowe, gari hadi Malindi,
kichwa cha Batuli mapajani mwangu,
ananiuliza kama nimefunga mlango wa nyumba.
Nikamwambia nimefunga.
Sikuwa nimefunga.

Alirudi na mshono,
na damu ya watu watatu tusiowajua,
na neno la daktari: miaka miwili, isipungue.
Arubaini ikaisha. Nikalala upande wangu wa kitanda
kama mgeni aliyepewa nafasi kwa hisani.
"Si kwamba sikutaki," alisema, akiutazama ukuta.
"Naogopa."
Nami nikaogopa kusema kwamba naogopa.

Mamangu, akimkanda mtoto kwa mafuta ya nazi:
"Wa pili yuwaya lini?"
Batuli akaendelea kukunja nepi.
Ile moja aliikunja mara nne.

Vidonge vilimpandisha presha. Sindano aliikataa,
alisema mwili wake umekwisha dungwa vya kutosha.
Basi muuguzi Mbeyu akatoa karatasi ya miraba,
penseli na kipimajoto,
akanitazama mimi, si yeye:
"Hii haisomwi na mtu mmoja.
Wala msiwe na haraka.
Mwili wa mwenye kunyonyesha huchelewa kusema."

Nikacheka moyoni. Tarakimu! Mimi!

Kabla hajainuka, kabla hajamjibu mtoto,
chini ya ulimi, saa ile ile, adhana ya alfajiri ikiisha.
Thelathini na sita nukta tatu.
Thelathini na sita nukta tatu.
Mengine aliniambia taa ikiwa imezimwa:
kuna siku kavu, kuna siku nzito,
kuna siku ute unavutika kama wa yai bichi,
na hizo ndizo za kulala mbali.
Miaka mitano ya ndoa
nazijua nyumba zinazovuja mji mzima,
hili sikulijua.
"Mbona hukuniambia?"
"Hukuniuliza. Za watu wazisoma."

Kuna usiku Thureya alishikwa na homa, hatukulala.
Asubuhi nikajaza mraba kwa kukisia, nukta nne,
mstari usije ukakatika.
Batuli akachukua kifutio.
"Wamwandikia mtu maji asiyoyatumia?"
Akapuliza vumbi la kifutio, akauacha mraba wazi.
Ule mraba mtupu niliutazama sana.

Siku za kungoja tulizungumza.
Sikujua kwamba kule ndani ya gari alinisikia nikilia.
Sikujua kwamba swali la mlango lilikuwa la kuninyamazisha.
Nikamwambia basi, sikuwa nimefunga.
"Najua," alisema. "Jirani alinieleza."

Mwezi wa nne wa penseli joto likapanda,
likakaa juu siku moja, ya pili.
Ya tatu nilisoma mita za Langoni nzima
nikarudia nyumba mbili, nimesahau nilichoandika.
Usiku hakusema mengi.
"Ndoo," alisema.
Hofu ilikuwepo. Ilisogea kidogo tu,
ikatuachia nafasi.

Alfajiri nikanyosha mkono nichukue kipimajoto.
Alikuwa nacho tayari.
"Fungua kinywa. Nyamaza."
Nikanyamaza, kigae baridi chini ya ulimi,
punda wa jirani akitusemea sote wawili.
Akakisogeza dirishani, akakodoa macho,
akaandika pembeni mwa karatasi, nje ya miraba,
akaifunika kwa kiganja.

Hadi leo hajaniambia ni ngapi.